Amri, sheria au mkataba? Majibu kuhusu itikadi na sera ya nje ya Marekani

Barua nyingi mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: ni nani hasa anayeamua Marekani ifanye nini nje ya mipaka yake, na kwa imani gani? Tumechagua sita.

Wahariri, mimi ni mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa. Vitabu vinataja wahalisia, waliberali, wahafidhina mamboleo na wale wanaotaka Marekani ijitenge. Naomba mnitofautishie kwa vitendo, kwa maana nadharia nimeshaikariri. – Mwanafunzi, Bujumbura

Chukua tukio moja, uangalie kila kambi ilisimama wapi. Tuchukue Iraq, 2002.

Wahalisia huamini kwamba dola huishi kwa kupima nguvu na maslahi, na kwamba aina ya serikali iliyopo katika nchi nyingine haiwahusu sana maadamu nchi hiyo haiwatishii. Ndiyo maana Nixon na Kissinger, wapinga ukomunisti wa siku nyingi, walifunga safari kwenda Beijing Februari 1972 kuzungumza na Mao: hasimu wao mkubwa alikuwa Moscow. Mwaka 2002 wahalisia walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuipinga vita. Brent Scowcroft, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Bush baba, aliandika gazetini mwezi Agosti akimwonya Bush mwana asimshambulie Saddam. Mwezi uliofuata wanazuoni 33, wakiwemo John Mearsheimer na Stephen Walt, walichapisha tangazo la kulipia kwenye New York Times kusema vita hiyo haina maslahi kwa Marekani. Wanafunzi wengi hudhani wahalisia ndio wapenda vita. Hapa ilikuwa kinyume chake.

Wahafidhina mamboleo wao husema udikteta wenyewe ndio hatari, na kwamba nguvu za kijeshi za Marekani zinaweza kuuondoa na kuacha demokrasia mahali pake. Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi, ndiye aliyekuwa sauti yao serikalini. Zingatia jambo moja ambalo husahaulika: wazo la kumng'oa Saddam halikuanza na mashambulizi ya Septemba 2001. Lilikuwa tayari ndani ya Sheria ya Ukombozi wa Iraq, ambayo Bunge la Marekani liliipitisha na Clinton akaisaini Oktoba 1998. Sheria hiyo haikutoa ruhusa ya vita, lakini ilifanya kubadilisha utawala wa Baghdad kuwa sera ya taifa. Bush alipoingia madarakani aliikuta mezani.

Waliberali wa kimataifa, warithi wa Woodrow Wilson, hutaka ulimwengu uendeshwe kwa mikataba, taasisi na haki za binadamu, na wako tayari kutumia nguvu taasisi hizo zikikubali. Iraq iliwagawa katikati. Seneti ilipopiga kura Oktoba 2002, ruhusa ya vita ilipita kwa kura 77 dhidi ya 23. Maseneta wa Democratic 29 waliunga mkono, wakiwemo Hillary Clinton, John Kerry na Joe Biden, na 21 walikataa.

Wanaotaka Marekani ijizuie ni kambi ya zamani kuliko zote. Huanza na hotuba ya kuaga ya George Washington, 1796, iliyoonya dhidi ya ushirika wa kudumu na mataifa ya nje. Ron Paul, mbunge wa Republican kutoka Texas, alikuwa mmoja wa wabunge sita tu wa chama chake waliopiga kura ya hapana katika Baraza la Wawakilishi. Kando yake, kutoka upande wa pili kabisa wa siasa, alisimama Barbara Lee wa California, wa mrengo wa kushoto. Kura yao ilikuwa moja, sababu zao mbalimbali: yeye Paul aliona katiba na gharama, Lee aliona dhuluma na damu.

Usimfunge mtu kwenye kambi moja maisha yake yote. Dick Cheney, akiwa waziri wa ulinzi mwaka 1991, alitetea uamuzi wa jeshi kutofika Baghdad. Mwaka 2003, akiwa makamu wa rais, alikuwa kinara wa kuivamia. Kwenye mtihani, andika msimamo wa mtu pamoja na mwaka.

Hayo yote ya itikadi si pazia tu? Vita vya Iraq vilikuwa vya mafuta, kila mtu anajua. – Msomaji, Mombasa

Mafuta yanaeleza kwa nini Marekani ina jeshi Ghuba. Carter alilisema wazi Januari 1980: jaribio lolote la dola ya nje kulitawala eneo la Ghuba ya Uajemi lingezuiwa kwa njia zote, pamoja na nguvu za kijeshi. Tangu hapo hakuna rais aliyeyakana maneno hayo.

Lakini mafuta yalikuwepo 1991 na yalikuwepo 2003. Mara ya kwanza Bush baba, akiwa na Scowcroft pembeni yake, aliwatoa Wairaki Kuwait na kusimama. Mara ya pili mwanawe aliingia mpaka Baghdad, akavunja jeshi la Iraq na kuahidi demokrasia. Maslahi yalikuwa yaleyale, maamuzi yakawa mawili tofauti. Kilichobadilika ni watu waliokaa chumbani na walichokiamini, pamoja na hofu iliyoachwa na mashambulizi ya Septemba 11. Anayetaja mafuta peke yake hawezi kukueleza kwa nini baba alisimama.

Mimi ni muuguzi. Kila Marekani ikipata rais mpya tunaambiwa masharti ya fedha za uzazi wa mpango yamebadilika tena, lakini dawa za ARV ziliendelea kuja miaka yote hiyo mpaka 2025. Kwa nini kimoja kinayumba na kingine hakikuyumba? – Muuguzi, Kisumu

Umeuliza swali la msingi kuliko yote tuliyopokea. Jibu liko kwenye aina ya karatasi ambayo sera imeandikwa juu yake.

Kanuni inayokusumbua inaitwa Sera ya Mexico City, kwa sababu serikali ya Reagan iliitangaza kwenye mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu uliofanyika mji huo mwaka 1984. Tangu mwanzo inasema hivi: shirika lisilo la Kimarekani likitaka fedha za Marekani za uzazi wa mpango, lisaini kwamba halitatoa mimba kama njia ya uzazi wa mpango wala kuhamasisha jambo hilo, hata kwa fedha za mfadhili mwingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayouma.

Sasa tazama tarehe. Clinton aliifuta 22 Januari 1993. Bush mwana akairudisha 22 Januari 2001. Obama akaifuta 23 Januari 2009. Trump akairudisha 23 Januari 2017, tena akaipanua ifike kwenye misaada yote ya afya ya kimataifa, pamoja na ya Ukimwi na malaria. Biden akaifuta 28 Januari 2021. Trump akairudisha 24 Januari 2025. Tarehe 22 Januari haikuja kwa bahati: ni kumbukumbu ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1973 iliyohalalisha utoaji mimba nchini humo, siku ambayo pande zote mbili za mgogoro huo huitazama. Rais mpya huwapa wafuasi wake ishara katika wiki yake ya kwanza, na anaweza kwa sababu kanuni hii ni waraka wa rais. Haihitaji kura ya Bunge. Saini moja inaiweka, saini moja inaiondoa.

Ilinganishe na nyongeza ya sheria aliyoiwasilisha Seneta Jesse Helms mwaka huohuo wa 1973, inayokataza fedha za misaada ya nje kulipia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango. Itikadi ileile, suala lilelile. Ila hii ni sheria ya Bunge, na Carter, Clinton, Obama na Biden wote waliikuta na kuiacha.

Kwa zahanati yako, mambo haya ndiyo huharibika. Kwanza, watu hudhani sharti linaanza asubuhi ile rais anaposaini. Kwa kawaida huanza pale mkataba mpya wa ruzuku unaposainiwa au fedha mpya zinapoongezwa kwenye mkataba wa zamani, kwa hiyo angalia tarehe ya mkataba wenu na ya nyongeza inayofuata. Pili, sharti hushuka ngazi kwa ngazi: shirika kubwa likisaini, na mashirika madogo yanayopokea kupitia kwake yanafungwa. Ombeni kipengele chenyewe kwa maandishi, msitegemee maelezo ya mdomo kwenye warsha. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, wafanyakazi huogopa kupita kiasi na kuacha hata yanayoruhusiwa. Kumtibu mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, au aliyeumizwa na utoaji mimba wa kienyeji, hakujakatazwa na kanuni hii. Ujauzito uliotokana na ubakaji, au unaohatarisha maisha ya mama, nao una msamaha ndani ya kanuni yenyewe, ingawa sheria ya nchi yako inabaki palepale. Nchini Kenya, baada ya mwaka 2001, mashirika yaliyokataa kusaini yalifunga baadhi ya zahanati zao, na waliokosa huduma walikosa pia vidonge, sindano na vipimo.

ARV zina historia nyingine. Bush mwana alitangaza PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, Januari 2003, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Bunge likaupitisha kuwa sheria mwezi Mei. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi 15 za mwanzo. Nguvu yake ilitokana na kambi ambazo hazikuzoea kukaa meza moja: wainjilisti wa mrengo wa kulia walioona ni wajibu wa Kikristo, na waliberali walioona ni haki ya binadamu. Hata Helms, aliyepinga fedha za Ukimwi kwa miaka, aligeuka mwaka 2002 akaomba dola milioni 500 za kuzuia mama kumwambukiza mtoto. Kila kambi ilidai chake: sheria ya mwanzo iliagiza theluthi moja ya fedha za kinga ziende kwenye mafundisho ya kusubiri hadi ndoa. Mpango ulihuishwa 2008, 2013 na 2018. Mwaka 2023 mabishano ya utoaji mimba yaliufikia na wenyewe. Bunge likashindwa kuuhuisha kwa wakati, baadaye likatoa mwaka mmoja tu, hadi 25 Machi 2025.

Kumbe basi kwa nini dawa hazikukatika 2023? Kwa sababu sheria inayoidhinisha mpango ni moja, na sheria ya matumizi inayotenga fedha kila mwaka ni nyingine. Ya kwanza ikiisha muda wake, ya pili yaweza kuendelea kulisha mpango.

Kilichotokea Januari 2025 ni hatua ya tatu, ile ya kutoa fedha zilizokwisha kutengwa. Tarehe 20 Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90. Siku nne baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikaagiza kazi zisimame, kisha ukaja msamaha wa huduma za kuokoa maisha ambao kliniki nyingi ziliusikia kabla ya kuuona ukifanya kazi, kwa kuwa mifumo ya malipo na watumishi wa kuiendesha walikuwa wameondolewa. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na 1 Julai shirika hilo, lililoanzishwa na Kennedy mwaka 1961, likakoma na kazi zake zilizobaki kuhamia wizarani. Sheria ya mwaka 1974 inamkataza rais kuzuia fedha zilizotengwa bila idhini ya Bunge, na kesi zilifunguliwa. Mahakama huchukua miezi, ilhali mgonjwa wa ARV hupimiwa dozi kwa siku. Julai Bunge lenyewe liliridhia kufuta takriban dola bilioni 8 za misaada ya nje, lakini Seneti ilichomoa kwanza pendekezo la kukata dola milioni 400 za PEPFAR. Ule ushirika wa 2003 haujafa wote.

Republican ni chama cha vita, Democratic ni cha amani. Kweli au si kweli? – Msomaji, Mwanza

Si kweli. Truman aliyepeleka jeshi Korea na Johnson aliyepeleka majeshi makubwa Vietnam walikuwa wa Democratic. Mwaka 1949 Robert Taft, seneta mkubwa wa Republican, alikuwa mmoja wa 13 walioupinga mkataba wa NATO. Na Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipopitisha takriban dola bilioni 61 kwa ajili ya Ukraine, kura zilikuwa 311 kwa 112: wote 112 waliokataa walikuwa wa Republican, na 101 wa chama hichohicho walikubali. Mpasuko mkubwa zaidi leo uko ndani ya vyama, kati ya wafuasi wa Reagan na wa "Marekani Kwanza" ndani ya Republican, na kati ya wapenda ushirika wa kijeshi na mrengo wa kushoto ndani ya Democratic.

Nauza mitumba. Mwaka 2018 Rwanda iliondolewa nafuu ya ushuru ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika, kwa sababu ya mitumba. Itikadi iko wapi hapo? – Mfanyabiashara, Arusha

Hapo itikadi ni ndogo, na ni vizuri umeuliza, kwa sababu wachambuzi hupenda kuiona kila mahali.

Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kukuza viwanda vya nguo. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kiliwasilisha malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, kwa kutumia kipengele cha sheria ya AGOA ya mwaka 2000 kinachosema nchi hunufaika ikiwa tu inaondoa vizuizi dhidi ya bidhaa za Marekani. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza. Rwanda ikashikilia, na mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru. Kikundi kimoja chenye hoja ya kisheria na mwanasheria mzuri kilitosha.

Lakini kipengele jirani cha sheria hiyohiyo kinataja haki za binadamu, na Biden alikitumia kuiondoa Uganda kuanzia Januari 2024, baada ya sheria yake kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Ninyi wa Tanzania mna mfano wenu: Machi 2016 bodi ya Shirika la Changamoto za Milenia, MCC, ilisimamisha awamu ya pili ya msaada, zaidi ya dola milioni 470, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na jinsi Sheria ya Makosa ya Mtandao ilivyotumika. MCC ilianzishwa 2004 chini ya Bush mwana kwa wazo kwamba fedha ziende kwa nchi zinazofaulu mtihani wa utawala bora. Obama ndiye aliyekuwa madarakani mtihani ulipotumika. Vigezo vikishaandikwa sheriani, rais wa chama kingine huvitumia kwa imani yake.

Naishi Columbus, Ohio, nimepata uraia. Nawezaje kusukuma jambo la nyumbani, na je, raia wa kawaida amewahi kushinda? – Msomaji, Columbus

Amewahi. Mwaka 1986 kampeni ya makanisa, vyama vya wafanyakazi, wanafunzi na wabunge Weusi iliifikisha Bungeni sheria ya vikwazo dhidi ya makaburu. Reagan, aliyeamini kuzungumza nao taratibu na kuwaona kama ngome dhidi ya ukomunisti, aliipigia kura ya turufu 26 Septemba. Kuishinda turufu kunahitaji theluthi mbili katika mabaraza yote mawili. Baraza la Wawakilishi lilipata 313 kwa 83, Seneti 78 kwa 21, na maseneta wengi wa chama cha Reagan mwenyewe walimwacha. Makaa, chuma, urani na nguo za Afrika Kusini zikazuiwa, uwekezaji mpya ukakatazwa, ndege za South African Airways zikanyimwa ruhusa ya kutua. Vikwazo havikuondolewa mpaka Julai 1991, Mandela akiwa huru.

Kwa upande wako: una mwakilishi mmoja wa jimbo lako la uchaguzi na maseneta wawili, na ofisi zao husikiliza wapigakura wao, si wa mwingine. Taja anwani yako mwanzoni. Taja namba ya muswada. Ya Wawakilishi huanza na H.R., ya Seneti na S. Omba jambo moja linalotekelezeka, kwa mfano aunge mkono muswada kwa jina lake, au aulize swali kwa maandishi kwa Wizara ya Mambo ya Nje. Omba kuonana na msaidizi anayeshughulikia mambo ya nje. Ndiye anayemwandikia mbunge. Kama unadai fedha, nenda mapema mwaka, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Oktoba na maombi ya wabunge kwa Kamati ya Matumizi kwa kawaida hukusanywa majira ya machipuko. Wengi hukosea kwa kupeleka malalamiko ya jumla mwezi Septemba, wakati hesabu zimeshafungwa.

Na ukisikia uamuzi mpya wowote, jiulize kwanza umeandikwa wapi. Amri ya rais hufutwa na rais ajaye. Sheria huhitaji Bunge. Mkataba huhitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, kizingiti ambacho Rais Wilson alikishindwa 19 Machi 1920: Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulipata 49 dhidi ya 35, pungufu ya kura saba, kwa kuwa aliwaambia watu wake wasikubali masharti ya Seneta Henry Cabot Lodge wa Republican. Makubaliano ya nyuklia na Iran ya 2015 hayakupelekwa Seneti kama mkataba, kwa hiyo Trump aliyatoka 8 Mei 2018 bila kumwomba mtu kura. Aliyeyatetea makubaliano hayo kwa hoja nzuri za amani alikuwa sahihi juu ya amani, lakini karatasi yake ilikuwa nyepesi.